Ngome Iliyongoja Kondoo

Nilipokuwa mtoto, shule yetu pale karibu na Sachangwan ilikuwa ndani ya ngome. Mzungu mwenye shamba aliijenga kwa mawe, na matundu ya bunduki ukutani, kwa kuogopa watu. Alipoondoka tukasomea humo. Nilikuwa darasa la tatu, deski moja na rafiki yangu Chebet, majirani walipogeukiana na kuchomeana nyumba. Soja wa shule, mlinzi mzee mpole aliyetupigia kengele, aliuawa mlangoni. Vita vilipoisha, wazee wakaitia shule kufuli.

Shosho, nyanya yangu, ndiye aliyenieleza sababu. Damu imemwagika pale. Mpaka kondoo achinjwe, na wazee wa pande zote mbili wale kutoka sinia moja, atakayekanyaga kizingiti atavimba tumbo afe.

"Si wachinje basi!" nikasema.

"Wale ndio walianza. Wao ndio walete kondoo."

Kwa kina Chebet, waliokuwa wa upande ule mwingine, walisema vivyo hivyo, neno kwa neno. Ala! Kondoo walikuwa wamejaa kijiji kizima, na mimi kila asubuhi navuka barabara kuu, malori yakinipigia honi, kwenda shule ya mbali. Chebet alipelekwa nyingine, upande wa kwao. Nililia kwa hasira.

Jumamosi moja tulikutana mtoni tukaamua kujifanyia tambiko lile wenyewe. Kondoo hatukuwa naye, tukachoma viazi. Tuliketi kizingitini, kila mtu upande wake, tukaomba kama wazee, tukala kutoka sufuria moja.

"Sasa ni safi," Chebet akasema. "Jumatatu tutaingia."

Wapi! Tulipatikana. Shosho na fimbo yake, mamake Chebet na yake. Tangu vita, hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana. Usiku tumbo likanivimba kweli, nikajua nakufa. Kumbe viazi havikuwa vimeiva.

Mwezi haukuisha kina Chebet wakahama. Sijamwona tena.

Juzi nilipanda kutoka Nakuru kwa mazishi ya shosho. Kufuli ni lile lile, limejaa kutu, na watoto bado wanavuka barabara.

"Mzee, hadi leo?" nikamuuliza jirani.

"Tunangoja wale walete kondoo, mama."

Nilitaka kupiga mayowe. Miaka yote hiyo wameogopa laana, na watoto wawili walishakula pale pamoja, wakaishi. Hakuna aliyetuuliza.

Nilienda nikaketi kizingitini, upande wangu ule ule, nikaacha nafasi ya Chebet.