Kituo Changu cha Dodoma

Siku ya kwanza kazini sikugusa mashine. Nilifika karakana ya shamba la ngano, huku Basotu, nimevaa viatu vya kaka yangu na ovaroli iliyonipwaya kila upande. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akanisimamisha mbele ya kombaini inayonguruma.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Nasikia injini, mzee."

"Nenda ukae pale ukutani. Ukisikia kitu kingine, njoo."

Nilikaa ukutani hadi saa ya chai, nikaona nimedharauliwa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba lile lilikuwa somo la kwanza.

Vijana wa sasa wanaiona kombaini barabarani wanapiga picha, basi niwaeleze kidogo. Ni mashine inayovuna na kupura kwa wakati mmoja. Mbele ina kisu kirefu kinachokata mabua. Katikati ina ngoma, yaani pipa la chuma linalozunguka na kupura masuke. Nyuma yake kuna machekecheo yanayotenga punje na makapi. Kila kiungo kina mlio wake, na beringi iliyokaukiwa grisi hulia muda mrefu kabla ya kuvunjika. Fundi anayewahi kushika spana kabla ya kusikiliza atafungua mashine nzima bure, kisha aanze kutafuta nati zilizopotea kwenye mabua.

Tulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote. Mashine ikifa katikati ya shamba, fundi haondoki mpaka iwake. Chakula utaletewa, blanketi utaletewa, lakini kuondoka ni mwiko, kwa sababu wingu likishuka kutoka Mlima Hanang likakuta ngano imeiva, punje huota humo humo kwenye suke. Meneja wa Shamba alipenda kupita na gari lake, akateremsha kioo na kusema, "Fundi, sijakuja kukuharakisha. Nimekuja kukutazama tu." Hakuna maneno yaliyonitoa jasho kama hayo.

Nilihamishwa kambi hadi kambi, mara upande wa ziwani, mara upande wa Masakta, nikapanda hadi fundi mwandamizi. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Wenzangu walinitania kwamba nimeshaoa kombaini, na kweli nilioa nimechelewa. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinikubali mvi zikiwa zimeanza kuchungulia. Tukajaliwa Rehema, kisha Bura, kisha Natalia.

Wakati huo mambo yalikuwa yanabadilika. Soko lilikuwa limefunguliwa, ngano ya nje ikaja kwa bei ya chini, spea zikawa za kutafuta kwa tochi, na mwishowe serikali ikajitoa kwenye mashamba. Mkoa wa Arusha nao ukagawanywa, tukaamka asubuhi tukaambiwa sisi ni watu wa Manyara. Wengi walifurahi kwa sababu Babati, makao makuu mapya ya mkoa, ni karibu. Mimi nilikuwa nimekaa nyumbani na sanduku la spana, nikimsubiri mtu mwenye trekta bovu.

Ndipo Mama Rehema akapata nafasi ya chuo kikuu Dodoma. Alinipa habari hiyo akimenya viazi, bila kuinua uso.

"Nimechaguliwa. Miaka mitatu."

"Hongera."

"Natalia bado ananyonya, Baba Rehema."

"Basi tunaenda wote," nikasema. Nilitamka hivyo haraka, kama mtu asiyejua analotamka, na kweli sikulijua.

Tulipanda basi Katesh tukapita Singida, na watoto watatu, godoro, sufuria na sanduku langu la spana. Watu wa nyanda za juu tunaamini kila ugeni una baridi, kwa hiyo niliwavalisha wanangu masweta mawili mawili. Tuliposhuka Dodoma saa nane mchana, upepo wa vumbi ukatupokea, na mama mwenye nyumba akanitazama kwa huruma. "Baba, hao watoto wanaumwa?" akauliza. Nikasema hapana, ni wazima. "Basi wavue kabla hawajaiva," akasema, akaingia ndani kuwaletea maji.

Hivyo ndivyo nilivyoripoti kituo kipya. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Natalia, hajatimiza mwaka, mkali kuliko mameneja wote niliowatumikia. Mama yake alinyonyesha alfajiri, akaenda darasani, akarudi jioni na vitabu kifuani. Kati ya saa hizo nilikuwa fundi wa zamu peke yangu. Nilisukuma madumu ya maji kutoka bombani, nikapika uji, nikamfikisha Rehema shuleni, nikafua. Nilijifunza kwamba kilio cha njaa huanza chini na kupanda, cha usingizi hukatikakatika, na cha tumbo huja na magoti yaliyokunjwa. Kusikiliza nilikuwa nakujua tayari. Baada ya chakula watu waliniletea mashine za kusaga zilizowashinda, nikazitengeneza uani, Natalia mgongoni kwa khanga ya mama yake na Bura akinipasia spana ambazo sikuziomba.

Wanaume wa mtaa walicheka. Mmoja akaniuliza kama nami nitanyonyesha. Nikamwambia nimejaribu, maziwa ndiyo hayajatoka. Baada ya hapo tukawa marafiki.

Mwaka wa pili, Julai, simu ikaita. Alikuwa Mkuu wa Karakana yule yule wa siku ya kwanza. Wapangaji wapya walikuwa wamechukua sehemu ya mashamba na kumwita awapangie mafundi.

"Yohani, ngano imeiva," akasema. "Mimi ni mzee, nataka kukabidhi. Karakana ni yako. Lakini njoo wiki hii, si wiki ijayo."

Ukuu wa karakana nilikuwa nimeutamani tangu siku ile ya ukutani. Na Mama Rehema alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka.

Kabla sijajibu, habari ilikuwa imeshafika kijijini kwetu, Daudi. Siku mbili baadaye mama yangu mzazi aliteremka stendi na kibuyu cha samli. Alinikuta uani nafua nepi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Huyo mtoto hana mama?"

"Yuko kwenye mtihani."

Jioni Mama Rehema akarudi. Tukakaa wote mkekani. Mama akasema wazee wameongea. Amekuja kuwachukua watoto wote watatu, awalee Daudi, nami nirudi kwenye kazi yangu. "Mwanaume aliyeitwa kazini haketi kubeba mtoto," akasema. "Watu wanatucheka hadi kanisani."

Mke wangu aliinama. "Mama, nakuheshimu," akasema polepole. "Lakini watoto wakienda Daudi, kesho sitaingia kwenye chumba cha mtihani. Nitapanda basi hilo hilo."

Wote wawili wakanitazama. Maishani mwangu sikuwahi kumpinga mama yangu, hata kwa jambo la kuku. Nilitaka ile karakana, sifichi.

"Mama," nikasema, "watoto hawaendi. Wala mimi siendi."

Mama aligeuka, akatupa mgongo.

Nikampigia Mkuu wa Karakana. Nikamwambia, "Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine haiachwi katikati ya shamba. Mimi niko katikati ya shamba." "Basi iwashe," akasema, na simu ikakatika. Nafasi ile akapewa Elia, kijana niliyemfundisha mwenyewe kupaka grisi.

Siku mbili mama alikula bila kunisemesha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu hakungoja kupewa. Asubuhi ya tatu aliniona nikimpandisha Natalia mgongoni, khanga ikateleza kama kawaida yake, akasimama. "Umemfunga kama gunia la ngano," akasema. "Lete hapa." Akamtoa, akaifungua ile khanga, akaikunja upya, akanionyesha mahali fundo linapokaa, chini ya kifua na si juu. Alinifungisha mara tatu mpaka akaridhika. Kisha akabeba dumu la maji.

Alikaa mpaka mitihani ikaisha. Alipoondoka aliacha shuka lake alilojitanda mabegani safari nzima, akasema khanga ni nyepesi mno kwa mgongo wa mwanaume. Alipofika Daudi wazee wakamuuliza watoto wako wapi. Aliwajibu kwamba Dodoma maji ni ya taabu, lakini watoto wanakula vizuri, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mama Rehema akahitimu, akarudi kufundisha sekondari, baadaye akawa mkuu wa shule. Mimi nilirudi kwenye kombaini, chini ya Elia. Aliniita "mzee" na kunipa kazi kwa adabu, nami nikampa heshima ya cheo chake hadi siku nilipovua ovaroli. Mkeo akiwa mkubwa na bosi wako akiwa mwanafunzi wako, unajifunza kucheka mapema.

Watu huniuliza kama sijuti. Ninajuta, kila Julai, injini ya kwanza inapowaka kule bondeni. Majuto hayo huchukua kikombe kimoja cha chai, kisha naendelea na shughuli zangu.

Juzi Rehema alipiga simu. Sasa naye ni mama, anaishi mjini, na mtoto wake anaota meno. Mke wangu ndiye aliyepokea. Alisikiliza kidogo, akaniletea simu bustanini.

"Ongea na baba yako," akamwambia mtoto wetu. "Natalia alipoota meno mimi nilikuwa darasani."

Nikafuta udongo mikononi, nikaketi.

"Rehema," nikamwambia, "usiniambie kitu. Sogeza simu karibu na mtoto kwanza, nimsikie."