Sauti Isiyokuwamo Kwenye Kinanda

Harufu ya nta ya nyuki inayopashwa moto hunirudisha kwenye kambi ya mahema pembeni ya mji, tulikokimbilia sisi watu wa Kasai tulipowindwa, wakati Katanga ilipojitenga na Kongo. Tulitoka mtaani kwetu Katuba na sufuria mbili na godoro. Likembe ya baba, ala yake ndogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ilibaki nyumbani.

Baba alitunga nyimbo zenye sauti ambazo kinanda cha kanisa hakina. Alizitafuta kwa kubandika nta chini ya vyuma vya likembe, akipunguza, akiongeza, hata siku nzima. Jirani yetu wa huko Katuba, mwalimu wa kwaya, mwenyeji wa Katanga, alimwambia kila mara kwamba sauti zile ni za uwongo.

Asubuhi moja mwalimu huyo akatokea kati ya mahema, viatu vimejaa vumbi jekundu. Mama alimwogopea asidhuriwe, kwa sababu watu wa upande wake hawakuwa wakija kwetu. Mwalimu akafungua gunia la unga, akatoa likembe ya baba.

"Sikugusa hata chuma moja," alisema.

Baba akaipiga. Jua la njiani lilikuwa limelegeza nta, na chuma cha katikati kilikuwa kimepoteza sauti yake. Mwalimu akainamisha macho, akaiimba sauti ile polepole. Baba akapasha nta, akairekebisha likembe mpaka ikalingana na koo la mwalimu.

"Ulijifunzaka hii wapi?" baba akamuuliza.

"Ukuta yetu iko mwembamba, ndugu," alijibu. "Sasa kule kwenu iko kimya tu."