Uzi Mwekundu Kwenye Gunia la Pamba

Nikinusa kitambaa kipya cha khaki, kile ambacho wanga wa dukani haujatoka, meno yananiuma. Juzi hapa Bunda fundi alifungua jora mbele yangu, nikatoka mbio kwenda kutema mate. Akadhani nina mimba. Kwa umri huu! Basi kaeni niwaambie, maana hasira hii nikiibeba peke yangu itanivunja mgongo.

Nilikuwa darasa la tano, shule moja huko Nyamuswa, jina lake naliacha. Ilikuwa miaka ile sabuni ilionekana kwa nadra kuliko chui, na nguo ndiyo usiseme. Sketi yangu mama aliishona kwa mfuko wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na matakoni palikuwa na maandishi ya Kizungu yasiyotoka hata ukiyasugua kwa mchanga. Niliishi nayo kwa amani hadi mwalimu wa Kiingereza alipoyasoma kwa sauti na kututafsiria: "Haiuzwi." Tangu siku hiyo sikuwa tena Nyanjura. Nilikuwa Haiuzwi.

Kwa hiyo Mwalimu Mkuu alipotangaza paredi kwamba pamba ya shamba letu itabadilishwa na vitambaa vya sare, kila mtoto chake, nilipiga makofi mpaka simba wa Serengeti wakageuka.

Na shamba lilikuwa letu kwelikweli. Sisi ndio tuliolima, tukapalilia, tukapangiana zamu. Mwenyekiti alikuwa Magesa wa darasa la saba, mwenye sauti ya fahali. Mimi nilikuwa mkaguzi wa fifi, yaani ile pamba yenye madoa, isije ikachanganyika na safi. Mwezi wa sita, mvua zimekata, tulikuwaga tunangoja umande ukauke huku tunakunywa uji wa mtama walioleta akina mama, halafu tunaingia mistarini tukiimba. Maganda makavu yalituchana vidole, lakini nani alijali?

"Haiuzwi, hiyo ni safi?" Magesa anauliza akipita.

"Safi kuliko roho yako!"

Watu wanacheka mpaka mistari inapinda.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mimi nilielewa kwamba pamba yetu yenyewe, ileile, ndiyo itakayorudi imekuwa kitambaa. Nikaogopa yangu isije ikaenda kwa mtoto mwingine. Nikachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kanga ya mama, nikaufunga kwenye bonge nililochuma mwenyewe, nikalizamisha katikati ya gunia. Alama, kama ng'ombe anavyokatwa sikio ajulikane ni wa nani.

Siku ya kupima, mpimaji akaingiza mkono guniani, akatoka na uzi. Akauinua juu.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu!" nikajibu, mkono juu, kifua mbele.

Mwalimu Mkuu alinitazama muda mrefu. Nilidhani ananipongeza.

Wiki mbili baadaye akasimama paredi. "Vitambaa havitakuja. Pamba yote imeandikwa fifi kwa sababu ya uzi. Muulizeni Haiuzwi."

Magesa alinitemea mate miguuni. Wasichana niliokunywa nao uji kwenye kibuyu kimoja wakaanza kunikimbia kama nina upele. Nyumbani mama alichukua kisu. Alikata pindo lote la ile kanga akalitupa motoni. Sikumaliza darasa la sita.

Mwaka huo madirisha ya Mwalimu Mkuu yalivaa khaki. Wanawe walivaa khaki. Kiti chake kilivaa khaki, na bado kidogo mbuzi wake wapimwe kaptula. Mimi nikipita pale nainamisha kichwa kwa aibu, nikidhani ana ndugu mjini anayemletea.

Baadaye biashara zikafunguliwa, mitumba ikamwagika Bunda mpaka ng'ombe wakakosa njia. Nikaolewa Musoma, nikazaa wanne, ndipo nikaanza masomo ya jioni pale Kamunyonge. Dawati moja nilikaa na mzee Masatu, aliyekuja kutafuta cheti na mvi zake. Siku moja akataja kwamba aliwahi kupima pamba Nyamuswa. Nikamuuliza kama anakumbuka uzi.

"Ule mwekundu? Ah, mama, ni wewe!" Akacheka. "Niliutoa kwa vidole viwili nikauzungusha kwenye kalamu yangu. Gunia likapita safi. Yote yalipita safi. Na majora yenu niliyapakia mwenyewe. Kwani Mkuu wenu hakuwaambia?"

Nilicheka na mimi. Nilicheka mpaka mwalimu akanitoa nje, na huko nje kicheko kikageuka kitu kingine, nikaupiga ukuta teke hadi kiatu kikapasuka.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, ndugu zangu. Mtu mzima, mwenye chaki mkononi, alitazama paredi nzima akatafuta mtoto mwenye nguo mbaya kuliko wote, akamvalisha wizi wake. Alijua utanikaa sawasawa. Na katika pamba yote ile niliyoichuma, hiyo ndiyo nguo pekee niliyopata.