Moshi Kwenye Ulimi wa Tumpe

Tumpe hatulii. Hilo ndilo la kwanza kulijua kumhusu. Tumeishi chumba kimoja miezi kumi, mimi kitanda cha juu, yeye cha chini, na sijawahi kumwona ameketi mpaka chai yake ikapoa. Anapiga mswaki akitembea, anasoma akitembea, na akiongea na mama yake kwa simu anazunguka uwanja wa bweni hadi njia imejichora kwenye nyasi. Masomo ndiyo yaliyomleta Kericho kutoka Tukuyu, kule Tanzania, ambako pia wanalima chai na mvua hainyimi mtu. Ungetarajia ajisikie nyumbani. Wapi!

Ijumaa hiyo alikuwa amezidi. Jumatatu tulikuwa na mtihani wa kuonja chai, na kiwanda kimoja kilikuwa kimetoa nafasi moja tu kwa atakayeongoza, mwaka mzima ndani ya chumba cha kuonjea. Mimi ulimi wangu hautofautishi chai na maji ya kuoshea vikombe. Mwalimu Kemuma aliniambia hivyo mbele ya darasa zima, nikahamia upande wa mashine, na sina kinyongo naye, au niseme ninacho kidogo. Mkenya akikosa nafasi ile atatafuta kwingine. Lakini kibali cha Tumpe cha kukaa nchini kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Akishinda kinaongezwa. Akikosa, anarudi Tukuyu kuchuma majani pamoja na mama yake, ambaye ameyachuma miaka ishirini na sita ili binti yake asije akayachuma.

Na kuonja kuna masharti yake. "Kuanzia leo pilipili hakuna, kitunguu kibichi hakuna, marashi hakuna, kitu cha moshi hakuna," Mwalimu Kemuma alisema akitutazama juu ya miwani. "Ulimi ni chombo cha kazi. Fundi hachimbi viazi kwa pima maji."

Shida ni kwamba wikendi tulikuwa tumeipanga zamani. Jumamosi tule kwetu, Jumapili tule kwao Chepkurui, Ndanai. Chepkurui ni rafiki yetu wa tatu, wa kitanda cha pembeni chumbani humo humo, mpole, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa akiongoza darasa la kuonja tangu Januari. Yeye na Tumpe walikuwa wanawinda nafasi hiyo hiyo moja na bado wanagawana sabuni. Mimi nilikuwa nawashangaa.

Jumamosi mama yangu, Jerusa, alikuwa amekaanga samaki watatu wakubwa. Nyumba yetu iko kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la chai, chumba na jikoni, na harufu ile ilikuwa imeshawafikia majirani wote. Kulikuwa na ugali, sukuma, na kachumbari yenye pilipili ya kumtoa mtu machozi. Tumpe aliketi, akainuka, akaketi tena. Samaki hawakutajwa kwenye masharti, lakini hakutaka kubahatisha; akamega ugali mkavu akautafuna pole pole, akitazama samaki kwa macho ya mtu anayeaga.

"Kwani samaki yangu iko na shida gani?" mama akauliza.

"Haina shida, mama. Ni ulimi wangu."

"Ulimi uko mgonjwa? Nikuletee maji ya chumvi?"

"Hapana mama, naulinda. Nina mtihani."

Mama alinigeukia mimi, kana kwamba ndimi niliyemleta kichaa nyumbani. Akawafunika samaki kwa sahani, kwa kishindo. Nikaona aibu hadi masikio yakapata moto. Nilimvuta Tumpe nje nikamwambia, "Bana, ulimi si yai. Hautavunjika. Kesho kwao Chepkurui ukikataa chakula hivyo, mimi nitakukana. Nitasema sikujui."

"Beverly, wewe ukikosa unapanda gari unaenda kwenu," akasema. "Mimi nikikosa navuka mpaka." Alikuwa akizunguka tangi la maji, raundi baada ya raundi. "Mama yangu vidole vimepinda. Siku hizi havinyooki hata akilala."

Lakini nilikuwa bado nimekasirika, na hasira haisikilizi vidole vya mtu.

Jumapili tulifika Ndanai kabla ya saa sita. Mama yake Chepkurui, anayeitwa na wote Mama Kipyegon kwa jina la kifungua mimba wake, alikuwa anatungoja langoni na leso mpya kiunoni.

"Shikamoo mama," Tumpe akasema, kama wanavyosalimu kwao.

"Mzuri sana!" Mama Kipyegon akajibu kwa furaha, na Chepkurui akacheka hadi akashika nguzo ya lango.

Basi siku hiyo ilikuwa tamu. Tulimenya viazi, tukamfukuza jogoo mpaka akatushinda, tukachinja mwingine mjinga zaidi. Tumpe alisonga ugali akiwa amesimama, jambo linalomfaa, na akawafundisha wadogo zake Chepkurui wimbo wa kwao wa kutwangia. Hata alisahau kutazama saa. Kisha tukaketi kula, na Mama Kipyegon akaingia akiwa amekumbatia kibuyu.

Mursik ni maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu. Yakimiminwa yana rangi ya mawingu ya mvua. Kwao mtu aliyetoka mbali hupokewa kwayo, na kibuyu kilichowekwa kwa ajili yake hafunguliwi mwingine.

"Hii nimeweka wiki tatu," Mama Kipyegon akasema. "Chepkurui aliniambia kuna msichana ametoka ng'ambo ya boda, na mama yake hayuko karibu. Nikasema basi hii ni yake. Watoto wamelia, nimewakatalia."

Akafungua. Mimi niliyekaa mbali nilisikia harufu ya moshi. Tumpe naye aliisikia, maana alinitazama. Na mimi, badala ya kumwokoa, nilimkanyaga mguu chini ya meza nikamnong'oneza, "Kunywa. Usituaibishe."

Alikunywa. Nilimwona akifumba macho, akashusha kikombe, midomo myeupe. Kisha akanyoosha mkono akaomba kingine, na cha tatu akakimimina mwenyewe, machozi yakimlengalenga. Sidhani yalikuwa machozi ya woga. Mwanamke asiyemjua alikuwa amemkumbuka wiki tatu.

Chepkurui alikunywa viwili kama mtu anavyokunywa maji.

"Na masharti ya Kemuma?" nikamuuliza kwa utani.

"Masharti gani?" akasema. "Si hii ni maziwa tu."

Tuliporudi bwenini jioni, Tumpe alipiga mswaki mara nne. Akala wali mtupu. Akatafuna jani la mpera. Akasimama mbele ya kioo ametoa ulimi kama mbuzi wa sikukuu, akaufuta kwa kitambaa. Haikusaidia.

"Moshi hautoki," akasema. "Bado uko hapa nyuma."

"Utatoka ukilala," Chepkurui akamwambia. Alikuwa anakunja nguo zake.

Tumpe akamgeukia. "Wewe ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kwamba mursik ina moshi. Ukanipeleka kwenu siku moja kabla ya mtihani. Nafasi ni moja, Chepkurui."

Nilitaka kusema kwamba wikendi tuliipanga sote, kwamba mimi ndiye niliyemkanyaga mguu. Mdomo wangu, ambao siku zote hauna breki, siku hiyo ulikwama. Chepkurui aliweka chini blauzi aliyokuwa akiikunja.

"Mama alikatalia watoto," akasema. Akachukua mto wake akaenda kulala chumba cha jirani, kwa Esnah.

Jumatatu mimi ndiye niliyekuwa zamu ya birika, kuchemsha maji na kumimina. Mezani kulikuwa na vikombe vinane vyeupe kwa mstari, na wanafunzi wakiingia mmoja mmoja. Kila mtu anavuta chai kwa kijiko, kwa kelele ambayo kwetu ungechapwa, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo, anaandika. Hakuna kuongea.

Chepkurui aliingia mapema. Alionja kikombe cha kwanza, na nilimwona akitabasamu kidogo kabla ya kuandika. Akamaliza vyote vinane bila kurudi nyuma. Nikajua tumemaliza kazi, nafasi ina mwenyewe.

Tumpe aliingia wa mwisho. Alionja kikombe cha kwanza, akatema, akasimama. Uso ulimpauka. Moshi. Nilijua ni moshi kwa jinsi alivyoshika koo. Alinitazama, akautazama mlango, na nikaomba Mungu asitoke, maana dhambi ile ilikuwa yangu. Aliweka kijiko chini kabisa. Kisha akakiokota, akaenda kikombe cha pili. Akakunja uso. Cha tatu. Cha nne. Akarudi cha kwanza. Akaenda mpaka cha nane akarudi tena cha kwanza, mbio mbio, viatu vikilia sakafuni, mpaka Mwalimu Kemuma akakohoa. Ndipo akaandika.

Ninapokusanya karatasi siruhusiwi kusoma. Nilisoma. "Kikombe cha 1: kina moshi, ni kasoro. Jana nilikunywa mursik, nikadhani moshi ni wangu. Lakini ungekuwa wangu ungekuwa kwenye vyote vinane."

Saa nane Mwalimu Kemuma alitusimamisha ukumbini. Alisema kikombe cha kwanza kilikuwa na chai iliyokaushwa huku bomba la moshi la tanuri likivuja, na kwamba watu kumi na wawili walikionja na mmoja tu ndiye aliyekisema. Akataja jina. Mimi nilipiga kelele kabla ya mwenyewe. Tumpe hakupiga kelele. Alikuwa anamtafuta Chepkurui.

Tulimkuta kwenye ngazi za nyuma, zinazotazama shamba la chai.

"Nisamehe," Tumpe akasema. Alikuwa anashuka ngazi moja na kupanda moja. "Nilisema neno baya. Mama yako, nyumba yenu, na mimi nikasema vile. Nisamehe, dada."

"Mimi ndiye nilimlazimisha anywe," nikadakia, nimechelewa siku nzima.

Chepkurui alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Mlisema moshi, moshi, jana usiku. Sikuelewa mnasema nini," akasema. "Kikombe cha kwanza nilikionja vizuri. Nilikipa tisa juu ya kumi."

"Tisa?" nikasema.

"Niliona ndiyo chai nzuri pekee hapo mezani." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Ilikuwa na ladha ya kwetu."

Hakuna aliyecheka. Tumpe aliacha kupanda na kushuka. Akaketi kando yake, bega kwa bega, na hapo alikaa mpaka kengele ya jioni ikalia, na hakuinuka.