Kuhesabu Kaboni kwa Maharage

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo haya ya kemia yachukuliwe kama maneno ya mtu aliyesikilizia mlangoni. Naweza kuwa nimekosea mahali. Lakini nilichofanya mimi nakikumbuka vizuri.

Binti yangu wa kwanza alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne. Mara ya kwanza kemia ilimwangusha, akapata F, na chuo cha uuguzi hakipokei mtu asiye na walau D ya kemia. Tulikubaliana kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Akishindwa, angeingia jikoni pamoja nami, kupikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka hapa Tunduma.

Mchana, chakula kikishaisha, tulikaa pamoja mkekani. Mimi nachambua maharage ya kesho, yeye anasoma kwa sauti. Ndivyo nilivyojifunza kwamba vitu vya kaboni vina majina, na majina hayo hayatolewi kwa kupenda. Kaboni moja, methani. Mbili, ethani. Halafu propani, butani, pentani. Tawi likichomoza ubavuni mwa mnyororo, unataja limeshika kaboni ya ngapi, kisha jina la tawi (la kaboni moja ni methili), kisha la mnyororo. Kwetu mtoto hupewa jina la bibi yake hata kama hawafanani hata kidole. Hivi vinaitwa kwa jinsi vilivyo. Jambo hilo lilinipendeza, sijui kwa nini.

Alinionyesha kwa maharage juu ya ungo, kila harage kaboni moja, na baadaye nikawa mimi ndiye ninayempangia maswali. Zikiwa zimebaki siku tatu, nilipanga maharage matano kwa mstari, na moja chini ya lile la nne.

"Mbili-methilipentani," akasema.

"Mbili umeitoa wapi?" Nikayagusa kutoka kushoto, moja hadi nne. "Hii ni nne."

"Mama, inategemea unaanzia upande gani."

"Foleni ina mwanzo mmoja tu."

Kazi ndiyo iliyonifundisha hivyo. Dereva wa Zambia hanipi jina lake. Ananiambia, "Bamayo," yaani mama kwa lugha yao, "mimi wa saba," nami najua ni wa saba kutoka getini. Nikianzia nyuma, wali wa mtu unaliwa na mwingine.

"Basi mpelekee sahani huyo wa nne," akasema, akacheka kidogo. Kisha akayatazama maharage kwa muda. "Haya, mama. Nne." Akaandika kwenye daftari.

Kesho yake alikwenda masomo ya ziada kwa mwalimu wake, akaacha daftari hilo nyumbani. Nililifungua nitafute maswali mengine. Mwalimu alikuwa amechora mnyororo kama ule ule, na mshale mwekundu ukianzia kulia, upande ulio karibu na tawi, ili namba iwe ndogo. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini mshale si Kiingereza. Nikalifunga.

Aliporudi sikumwambia. Nijitendee haki: malori yalikuwa mengi siku ile. Nimtendee na yeye haki: kumwambia kungechukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Ukweli ni kwamba niliogopa hatakaa tena na mimi mkekani.

Nilimwambia asubuhi ya mtihani, amepiga goti anafunga viatu.

"Ile ya nne. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Ni mbili."

Hakuinua kichwa. "Umejua lini?"

"Juzi."

"Juzi, mama?"

"Juzi."

Akamaliza kufunga kamba. "Haya. Nachelewa." Akaondoka bila kunywa chai.

Siku hiyo nilipika, lakini sikumbuki nilipika nini. Aliporudi nilimuuliza kama swali la namna ile lilikuja.

"Lilikuja. Lilikuwa na kaboni sita."

"Ukaanzia wapi?"

"Upande wa karibu na tawi." Akakaa. Hakupandisha sauti. "Mama, siku ile nilijua ni mbili. Nilikubali kwa sababu ni wewe uliyesema. Baada ya hapo kila nilichokishika nikawa nakiona labda nacho kiko kinyume. Hata methani niliirudia mara mbili ndani ya chumba cha mtihani."

Nilimwambia pole. Akasema ameipokea, na nadhani aliipokea kweli.

Matokeo yalipotoka, alikuwa na D. Sijui ilipungua kutoka wapi, au kama ilipungua. Huenda bila maharage yangu asingeifikia, huenda bila mimi angepata C. Nimeipima pande zote mbili na mizani hainipi jibu.

Jirani alikuja kutupongeza. "Umemsomesha mtoto, mwenzangu, na wewe mwenyewe hukusoma."

Binti yangu alikuwa anakunja nguo za kwenda nazo chuoni. "Ndiyo," akasema, "alinisomesha." Nikasubiri aitaje na ile nne. Akachukua sketi nyingine, akaikunja.