Baron na Vigelegele vya Bamaman

Ndugu zangu, kosa ni langu. Mimi ni muzee, masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu primaire, na niliharibu maisha ya farasi juu ya kutaka kuonekana mukubwa. Ndiyo, farasi! Musicheke kwanza.

Jina lake Baron. Alikuwa farasi wa mashindano, sasa ni retraité. Umri? Quatre ans! Miaka ine tu, tayari pensheni! Mimi nimebeba mizigo kwenye depo za Anderlecht, hapa Ulaya, mpaka mugongo ukakataa, na hakuna muntu amenifunika blanketi. Baron iko na blanketi ya kulala na ya kutokea. Iko na daktari wa meno. Mimi meno yangu... bon, tuache meno.

Mwenyewe ni Madame mumoja wa Woluwe, mujane, roho safi. Mimi nilikuwa ninaondoa mavi kwenye manège, zizi la watu wa kupanda farasi, karibu na pori, ambapo Baron alikuwa analala. Madame akaona wanyama wananisikia, juu mimi nililelewa na ng'ombe kule Masisi. Ng'ombe ya Masisi, muntu wangu, maziwa yake... Donc, Madame akanifundisha kupanda. Baridi ikaingia, goti lake likavimba, akaniita.

"Papa, patron wa manège hataki farasi wa fujo. Kama Baron hajui kutembea polepole katika pori, atamufukuza. Na farasi wa mashindano akifukuzwa, unajua anaenda wapi."

Ninajua. Hapa wanamukula, na frites, viazi vya kukaanga, pembeni.

"Umutembeze mahali pa kimya," akasema. "Akisikia watu wanashangilia, anaamini mashindano yameanza."

Tukatembea asubuhi nyingi. Baridi ilikata masikio, pumzi ya Baron ikatoka kama moshi ya makala. Mwanzoni alirukia hata mufuko wa plastiki. Polepole akatulia. Mbwa walimupita, baiskeli zilimupita, yeye ametulia kama shemasi. Patron alianza hata kunisalimia!

Sasa ona shetani. Kanisani kwetu kuna Tonton Déo. Alinunua Mercedes, ya zamani lakini nyeusi, na kila dimanche anaisimamisha mulangoni kabisa, mpaka wazee wanapita kando-kando. Siku moja akaniuliza mbele ya watu:

"Papa, weye bado unakuja na métro?"

"Métro ni ya kanisa tu. Mimi niko na farasi."

Ee Mungu! Kinywa hiki! Niko na farasi! Sikusema kama ninazoa mavi yake.

"Farasi gani? Ya kuchora?" Déo akacheka.

Maman Régine, mukubwa wa chorale, kwaya yetu, akanitetea: "Jumamosi tutaenda kuona. Tukimukuta juu ya farasi, Déo, wewe utaimba soprano!"

Wakakuja kule pori. Bamaman wa chorale wote, vitenge juu ya makoti, na Déo na téléphone mukononi. Mimi nilivaa costume, suti ya arusi ya binti yangu, viatu vinang'aa, casque ya kukinga kichwa nimeacha, juu kofia ilinipendeza zaidi. Ningeweza kuwaambia wanyamaze. Neno moja tu! Lakini kwetu mukubwa akipita bila kelele, ni kwamba amekufa.

Nikatokea kwenye kona, juu ya Baron. Maman Régine akapiga vigelegele, wengine wakapokea, wakatandika vitenge chini kwenye barafu ili Baron akanyage juu yake kama askofu.

Baron si askofu! Akainua masikio. Akasikia uwanja umejaa watu. Akatoka mbio! Mimi nilibaki hewani na kofia, halafu kofia ikabaki peke yake. Walimukamata mbele ya barabara ya magari, anatetemeka muzima-muzima.

Déo akainama juu yangu: "Papa, unaweza kuanguka tena? Téléphone ilitikisika."

Patron akafika mbio, Madame nyuma yake na fimbo. "Ilikuwa nini?"

Bamaman walikuwa wamekwisha kukunja vitenge. Mimi niko ndani ya tope ya barafu, suruali imepasuka, haya imenijaa. Nikasema: "Ni mbwa. Mbwa alibweka."

Patron akatikisa kichwa. "Ingekuwa kitu cha ajabu, ningeelewa. Lakini mbwa? Pori hii imejaa mbwa. Farasi huyu hajajifunza kitu. Aondoke."

Ndugu zangu, kitu cha ajabu kilikuwako! Kilikuwa kimesimama pale, kinaimba kwenye chorale! Na video ilikuwako! Maman Régine akaniinua, akanivuta mukono: "Papa, sema. Sema ni sisi." Nikamukanyaga mguu anyamaze.

Lundi, siku mbili baadaye, lori ikakuja. Baron akakataa kupanda. Patron alivuta, akashindwa. Madame akaniomba mimi nimuingize, juu Baron ananiamini mimi. Nikashika kamba, nikatangulia. Akanifuata bila shida yoyote.

Sikuuliza lori inaenda wapi.

Video imefika kwetu Goma, kipande cha mbele tu, mimi nikiwa bado juu ya farasi. Wanaandika: "Félicitations, hongera Papa, umekuwa chef, mukubwa kabisa!" Ninajibu aksanti. Ninajibu aksanti, mujinga mimi!

Ninyi wazee wenzangu wa Ulaya, munisikie. Siku utakapoanguka mbele za watu, useme ni kitu gani kilikuangusha, hata kama ni wewe. Wangenicheka mpaka Pasaka, halafu wangechoka, wangetafuta mwingine wa kucheka. Na Baron angekuwa anakula majani.