Mgeni Haulizwi Kama Atakula

Mama alikuwa na sheria moja kubwa ya kupokea wageni, na nyingine zote zilitokana na hiyo: mgeni haulizwi kama atakula. Ukimuuliza, alisema, umemlazimisha kusema uongo. Atakujibu ameshiba, hata kama ametoka Ziba alfajiri na tumbo limeshikana na mgongo. Wewe mkaribishe, msalimie vizuri, mletee maji ya kunawa. Akiona maji ameshaelewa, na aibu yote umeibeba wewe.

Miaka yote niliiona sheria nzuri, mpaka nilipoomba likizo kazini na kurudi Tabora kumuuguza. Hospitali walikuwa wameturuhusu kwa maneno ya upole, yale ambayo mtu akishaambiwa haulizi tena swali. Nilikuja ili nikae naye, basi. Nilijipangia kabisa kwamba nitaweka kigoda kando ya kitanda chake, tutaongea, na siku moja nitapata ujasiri wa kumuuliza kama anaogopa. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka: nimuulize, na kama anaogopa, nimshike mkono. Sikujua ni watu wangapi walikuwa wanampenda mama yangu, na kwamba wote wangekuja na njaa.

Habari za ugonjwa zilisambaa kwa simu. Wa upande wa reli walikuwa na ustaarabu wao, wanapiga wakiwa ndani ya treni: "Tumefika Kigwa, mwanangu, tunakuja kumwona dada." Hapo nilijua nina muda wa kutafuta kuku. Wa Urambo walikuja na asali kwenye dumu. Wa Ziba hawakupiga simu. Walitokea tu mlangoni na kuku aliyefungwa miguu, wakasema huyu ni wa mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa akimeza vijiko vichache vya uji. Kuku wa mgonjwa waliliwa na wazima.

Jiko letu ni banda la uani, na dirisha la chumba cha mama linatazama huko huko. Kwa hiyo hata alipokuwa hawezi kuinuka, aliendelea kutawala kwa masikio na pua.

"Usitie unga!" ningesikia. "Hayo maji hayajachemka, yananung'unika tu."

Mimi kwangu napika ugali wa watu wachache kwenye jiko la gesi. Ugali wa kadamnasi juu ya mafiga ni kazi nyingine. Unaanza na uji mwepesi, unauacha utokote mpaka urushe matone ya kukuunguza mkono, na ukiwa na haraka ukaongeza unga kabla, utausonga mpaka kesho na katikati utabaki mbichi. Mama aliujua ubichi kwa sauti ya mwiko. Ulioiva, alisema, unaachia sufuria. Kuhusu jogoo mzee alinituma papai bichi, kipande kimoja tu ndani ya mchuzi, na nyama inalainika. Karanga zilizotwangwa zikishaingia kwenye mboga, nipunguze moto, nisifunike, nisigeuke kumwangalia mtu, maana zikifurika zimezima na moto. Na kuku achinjwe na mzee jirani yetu, Mwislamu. Mama alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni, lakini hakutaka mgeni yeyote aangalie bakuli mara mbili kabla ya kumega.

Niseme wazi: niliwachukia wale wageni. Nilimchukia mjomba aliyesifu mchuzi na kuomba uongezwe. Nilimchukia shangazi aliyekalia kigoda changu, kile nilichokiweka kando ya kitanda kwa mikono yangu, akimkumbusha mama visa vya usichana wao. Mimi nikiwa uani na moshi machoni, nilimsikia mama akicheka kupitia dirishani. Alicheka kidogo, kwa kukatakata, lakini alicheka, na mimi sikuwemo.

Wanawake wa jumuiya ya kanisani walinionea huruma. Mmoja alijifunga kanga, akanyoosha mkono. "Lete mwiko, mwanangu, nenda ukakae na mama yako."

Dirisha likajibu kabla yangu. "Mgeni hashiki mwiko nyumbani kwangu! Akipika mwenyewe, nimemkaribisha nini?"

Yule mama akanitazama, akaniachia mwiko wangu. Nani angebishana na mgonjwa?

Jioni moja, walipoondoka, nilimwendea nikiwa nimekasirika kweli. Nikamwambia kesho nitawaambia watu umelala. Au nitawapa chai na viazi, wanywe, waage.

"Chai ni ya kuondoa vumbi la njiani," alisema. "Chakula ni chakula."

"Mama, na mimi je? Nimekuja kukuona wewe."

"Si unaniona?" Akafumba macho. Alikuwa amechoka kwa maongezi ya wengine, na yangu yakabaki kifuani.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, barabara zikawa tope, na simu ikanyamaza. Nyumba nzima tukabaki sisi. Sina haya kusema nilifurahi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaleta uyoga, na uyoga wa karanga ndicho chakula alichokipenda kuliko nyama ya aina yoyote. Niliuosha taratibu kuutoa mchanga, nikaupika na vitunguu kidogo, nikatia karanga na kupunguza moto, sikufunika, sikugeuka. Nikasonga ugali laini kama wa mtoto. Dirisha halikunikosoa hata mara moja, nami kwa ujinga wangu nikadhani ni kwa sababu nimejua kupika.

Nikaingia na sinia, nikakaa kwenye kigoda changu. Alikuwa amepungua tangu asubuhi. Shuka ilikuwa imelala karibu sawasawa, kana kwamba chini yake hakuna mtu. Nilitaka kumuuliza lile swali langu. Mdomo ukatoa lingine.

"Mama, utakula kidogo?"

Alinigeukia. "Nani amekufundisha kumuuliza mgeni?"

"Wewe si mgeni, mama. Hii ni nyumba yako."

Akatoa mikono nje ya shuka. "Lete maji ninawe," alisema.

Nilimletea. Nikamnawisha kidole kwa kidole, nikamfuta kwa kanga yangu. Akamega tonge dogo sana, akalichovya kwenye uyoga, akalishikilia. Halikufika mdomoni. Mkono ulirudi polepole, ukatua pembeni ya sinia na tonge lake.

"Chumvi imekaa vizuri," alisema.

Hakuwa ameonja. Alinibebea aibu yangu, kama alivyomfanyia kila mgeni aliyewahi kuingia mle ndani, na mimi sikuwa na la kufanya ila kusema asante. Nikavuta pumzi nimuulize kama anaogopa. Nje pikipiki ikazima, na sauti ya kike ikaita hodi. Watu wa Urambo, na mvua yote ile.

"Nenda," mama alinong'ona. "Bandika maji."

Nilikwenda. Mpaka leo watu wananiambia ningebaki, na mimi najua hawakumfahamu mama. Nilibandika maji, nikawasha upya kuni zilizoloa, nikatia unga mapema kabla maji hayajachemka, na ninakiri nilifanya makusudi. Nilitaka anikaripie. Nikasonga kwa nguvu, mwiko ukigonga sufuria. Dirisha lilikuwa wazi. Halikusema kitu. Kisha nikasikia yule mwanamke wa Urambo akiniita kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu anayeomba chumvi.

Kwetu mfiwa hapiki. Kwa siku zote za msiba niliketishwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na uani kwetu wakapika watu ambao mama asingekubali washike hata kijiko. Walitumia sufuria zake na mwiko wake. Niliusikia ugali ukisongwa, na nikajua kwa sauti kwamba haujaiva. Nikageuza kichwa kuelekea chumbani kwake, nikisubiri. Mwiko uliendelea.

Sikuwa na hamu ya chakula. Yule mama wa jumuiya alikuja na jagi na beseni, akapiga magoti mbele yangu. Nilikuwa na jibu langu tayari, kwamba nimeshiba. Hakuniuliza.